Bomba Chini ya Ngolo

Kila asubuhi kabla ya shule, Vitalia alipanga ndoo yake kwenye foleni ya bombani akiwa na maneno mengi kuliko maji. Alikuwa darasa la sita, mwembamba kama mche wa kahawa kitaluni, ila mdomo wake haukuwa mwembamba hata kidogo. Wenzake wakimsukuma, aliwaambia, "Angalieni mnayemsukuma. Huyu ni binti wa fundi Melkior. Baba akijenga ukuta, hata tetemeko huomba njia ya kupita kando."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Nyumba nyingi za kijiji chao, huko Ruanda kwenye milima ya Mbinga, zilijengwa na Melkior, na zilisimama wima. Hata darasa jipya la shule, kijiji kilikuwa kimeshakubali alijenge yeye.

Jioni moja akitoka shule, Vitalia aliitwa na Bibi Getrude. Wana wa bibi huyo walikuwa wanamjengea nyumba katika shamba lake la ngolo, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta ambayo Wamatengo huyalima kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Melkior alitarajia kuanza msingi kesho yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nateremka Kihagara kule ziwani, binti yangu kajifungua. Mwambie baba yako bomba la maji linapita humu shambani. Asiguse ardhi kabla hajamuuliza Ildefonsi wa kamati ya maji. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi. Nikisahau, unikate masikio."

"Nitayafanyia nini? Nenda ukaseme."

Njiani wasichana walikuwa wakicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na upande mmoja ulipungukiwa mtu. Vitalia akatua begi lake, kidogo tu. Hicho kidogo kikaendelea mpaka jua likajificha nyuma ya mlima. Alifika nyumbani na njaa, vumbi na ushindi. Ujumbe wa bibi haukufika naye.

Kesho yake, Vitalia akiwa shuleni, sululu ya Melkior ilitoboa bomba la plastiki. Maji yaliruka, yakamlowesha fundi kofia na viatu, kisha yakashuka mteremkoni yakienda zao. Mabomba yote ya kijiji yakakauka. Ulikuwa msimu wa kahawa, na ndoo za kahawa iliyomenywa zilikaa zikingoja kuoshwa, huku akina mama wakishuka bondeni kuteka maji kama zamani.

"Binti wa fundi," alimwita Praygod, mtoto wa Ildefonsi, wakati wa mapumziko, habari ikiwa imeshafika shuleni. "Kumbe baba yako siku hizi anajenga chemchemi?"

Darasa zima likamgeukia Vitalia kusikia jibu. Papo hapo alikumbuka maneno ya Bibi Getrude, akatoka nje kwenda kukaa peke yake.

Jumamosi watu walikutana kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mama Asteria, alimpa Ildefonsi nafasi ya kwanza.

"Bomba tulilifukia kwenye kina kinachotakiwa," alisema Ildefonsi. "Fundi mwangalifu huuliza kabla ya kuchimba. Kamati inataka alitengeneze kwa gharama yake. Na darasa la watoto wetu apewe fundi mwingine."

Melkior alisimama, mgongo umenyooka kama kuta zake. "Sululu haikuzama hata nusu ya goti ikakuta bomba. Hicho ndicho kina? Alama hapakuwa nayo. Mwenye shamba naye hakuniletea neno. Angeniletea nami nikapuuza, ningelipa, na darasa ningeliacha mwenyewe."

Watu wakaguna kumuunga mkono. "Fundi ana haki," alisema mzee mmoja.

Vitalia, aliyekaa dirishani na watoto wenzake, aliona baba yake anashinda. Angenyamaza tu, basi. Bibi Getrude alikuwa mbali, ziwani, anabembeleza mjukuu. Lakini baba alikuwa ameweka jina lake juu ya neno lisilo la kweli, bila kujua. Na jina hilo ndilo Vitalia alilojivunia kila asubuhi bombani.

"Shikamooni," alisema, akisimama. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Bibi Getrude alileta neno. Alinituma mimi. Nikapitia kwenye rede, nikasahau. Baba hakujua."

Hata Praygod hakucheka. Melkior alimtazama binti yake, kisha akavua kofia.

"Mwenyekiti, nimesikia pamoja nanyi. Ujumbe aliopewa mtoto wangu ni ujumbe uliofika kwangu. Na kuuliza kabla ya kuchimba ni kazi yangu, hata nisipoambiwa. Nitatengeneza."

Sasa mshindi alikuwa Ildefonsi, lakini alijikunakuna kama aliyekalia upupu.

"Mtoto akishasema kweli, mzee atanyamazaje?" alisema mwishowe. "Kina tulikipima kutoka juu ya tuta. Msimu uliofuata bibi akalima upya, na ngolo ikilimwa upya, tuta la jana huwa shimo la leo. Udongo uliondoka juu ya bomba letu. Mimi nimekulia kwenye ngolo, nikalisahau hilo. Nilipoliona tundu nikaelewa, nikanyamaza."

"Kwa hiyo nyote wawili mmesahau, na mtoto ni wa tatu," alisema Mama Asteria, na kicheko kikazunguka. "Kamati italeta bomba. Fundi atachimba na kuunga. Safari hii mpime kutoka chini ya shimo, na muweke alama. Na darasa je?"

Ildefonsi hakusita. "Ajenge Melkior. Anayekubali kosa mbele ya watu hatatuficha ufa ukutani."

Mama Asteria akawageukia watoto dirishani. "Mmesikia wenyewe. Kusahau ni kosa, na ukitumwa, fikisha kwanza, mchezo baadaye. Lakini mkweli mmoja amewafungua midomo watu wazima. Uongo ungempa fundi ushindi wa leo, na bomba lingepasuka tena kesho."

Mchana huohuo Vitalia alikuwa mtaroni na koleo, bila kuitwa. Baba yake alichimba, yeye akatoa udongo.

"Umenikasirikia, baba?"

"Kwa kusahau, ndiyo. Chota udongo huo."

Mzee mmoja aliyepita na baiskeli akasimama kuwatazama. "Melkior, huyo ndiye aliyesahau ujumbe?"

Fundi aliegemea mpini wa sululu, akamwekea binti yake mkono begani.

"Huyu ndiye aliyeusema, mzee, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Ni mwanangu."