Mtu wa Sufuria

Jumamosi ile nilikuwa nimesimama juu ya kiti, napima dirisha la chumba cha nyuma cha Shangazi ili nimshonee pazia jipya jeusi. La zamani lilikuwa limetoboka. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, lakini kwa malalamiko yake ungedhani paa limeezuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na katika ukoo wetu hakuna mbishi wa kumfikia. Kwa miaka thelathini aliendesha mashine ya kuonyeshea picha katika ukumbi wa sinema. Ukumbi ulipofungwa, akaanza kukusanya mikanda ya zamani ambayo wenzake waliitupa: ya mizimu, ya wafu wanaofufuka, ya madaktari wanaowashonea watu vichwa visivyo vyao, ya wageni kutoka kwenye nyota. Leo ana mikebe mia nne na ushee, imepangwa hadi darini, na kila mkebe una karatasi juu ya kifuniko inayoonyesha mkanda una urefu wa mita ngapi. Majirani wanamwita Mama Mikebe. Ana amri moja tu: mkanda haukatwi. Ukikatika wenyewe unaungwa, lakini kuutia mkasi mkanda usio na mwenzake duniani, kwake hiyo ni dhambi isiyo na toba.

Kabla sijashuka kwenye kiti, alibisha hodi mtu mmoja wa makamo, amekumbatia mkebe uliofungwa kwa waya. Alikuwa mtoto wa yule mzee aliyeshindana na Shangazi kutafuta mikanda adimu tangu ujana wao. Mzee alikuwa amefariki wiki iliyotangulia.

"Aliacha neno kwamba nikuletee wewe," alisema. "Na akasema usiutie kwenye mashine."

"Alikufa kwa nini?"

Yule mtu aliangalia viatu vyake. "Tulimkuta amesimama, mama. Mbele ya mlango."

Alipoondoka, Shangazi alikuwa ameshakata waya. "Miaka thelathini nimefufua wafu kila Jumamosi, maonyesho mawili," aliniambia. "Hata mmoja hajawahi kuja kuniomba chai."

Mkanda ulinuka siki, kama inavyonuka mikanda iliyoanza kuoza. Karatasi ya mzee ilisema mita mia tatu na tano. Shangazi aliuzungusha kwenye meza yake yenye kipimo, na kipimo kikasema mia tatu kumi na mbili. Alikigonga kipimo kwa kidole, akakitukana, akaendelea.

Baba naye akatokea, kurudisha ngazi aliyoazima. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia lenye pengo la kifungo cha pili, kifungo nilichomwahidi tangu mwaka jana. Aliposikia kuna picha mpya, alivuta kiti akakaa mbele kabisa, maana miwani aliisahau nyumbani.

Picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, haina sauti. Korido ndefu. Mtu mrefu anatembea, amevaa koti la mvua na kichwani ana chombo cha kisayansi ambacho, ukikitazama vizuri, ni sufuria iliyotobolewa macho. Tulicheka mpaka Baba akakohoa. Mtu wa sufuria anafika kwenye mlango, anagonga mara tatu. Mlango unafunguliwa. Anamshika bega aliyefungua, na huyo anatoka, anamfuata. Mlango mwingine, mtu mwingine. Wakafika saba kwenye mstari. Wa saba alikuwa mzee mwenye fulana na miwani mizito.

Shangazi aliacha kucheka.

"Huyo ni yeye," alinong'ona. "Huyo ndiye mzee mwenyewe."

Mstari ukaendelea hadi mlango mwingine, mtu wa sufuria akainua mkono. Mkanda ukaisha hapo.

Jumatatu asubuhi Mama alinipigia simu. Baba alikuwa amesimama mbele ya mlango wa sebuleni tangu alfajiri. Hasemi, hali, hakai. Nilikimbia. Nilimkuta vilevile, uso umekaribia mbao, kama anayesikiliza mtu wa upande wa pili. Nilimwita. Hakugeuka. Daktari alikuja, akampima kila kinachopimika, akakunja vifaa vyake akasema tusubiri. Mkono wa Baba ulikuwa wa baridi, na ulinuka siki.

Nilikwenda kwa Shangazi nikiwa nalia. Hakunibembeleza. Aliuweka mkanda kwenye meza, akauzungusha polepole. Kipimo kikasema mia tatu kumi na tisa.

"Umeongezeka mita saba," alisema. "Na zile zilizoongezeka kwa mzee zilikuwa saba vilevile. Kipimo changu hakina kosa. Nilikitukana bure."

"Tuuchome!"

"Na kama baba yako yumo ndani?"

Nilikaa chini sakafuni.

Tuliutazama tena, saa nane mchana, jua likiwa kali nje ya pazia jipya nililolitundika Jumapili. Korido. Hodi tatu. Mlango. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikucheka. Wa saba, yule mzee. Kisha mlango ule uliokatizwa mara ya kwanza. Ukafunguliwa. Akatoka mwanamume mwenye koti, na koti halina kifungo cha pili.

Nilijiziba mdomo.

Mstari haukusimama. Ulikata kona. Ukafika mbele ya mlango wenye kiraka cha bati chini, kiraka cha pembe tatu, misumari mitano. Misumari ile niliipigilia mimi. Ulikuwa mlango wa chumba changu cha kushonea. Mtu wa sufuria akainua mkono. Halafu, polepole, akageuza kichwa akatutazama.

Shangazi alizima mashine. Gizani nilimsikia akipumua kwa hasira.

"Mdogo wangu," alisema, "nilimbeba mgongoni mimi. Hachukuliwi na mtu aliyevaa sufuria kichwani."

Alifungua pazia kwa nguvu, mwanga ukajaa. Akachukua mkasi. Akaufungua, akaufunga tena, na nilijua si kwa woga wa mtu yule. Mkanda ule haukuwa na mwenzake popote. Mzee alikuwa ameushika hadi mwisho bila kuukata, kwa sababu naye aliishika amri ileile, na amri ikammaliza.

"Ulikuwa mjinga, mzee wangu," Shangazi alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa mjinga mwenzako."

Akakata.

Alimtoa Baba kwanza, mita zake saba, akazilaza kwenye kitambaa safi kama nguo ya mtoto. Nilidhani ataishia hapo. Hakuishia. Alimtoa mzee. Alimtoa mwanamke mwenye kilemba, mtoto wa shule, askari, wote, mmoja baada ya mwingine. "Shuka," alimwambia kila mmoja. "Shuka, nenda zako." Mwisho alikata kipande cha mlango wangu, akanipa nikichome mwenyewe kwenye bati. Kiliungua kwa moshi mzito, nikakanyaga majivu.

Kilichobaki ni korido na mtu wa sufuria peke yake. Shangazi alipaka gundi, akaunga mwanzo wa kipande kile na mwisho wake. Ukawa mduara.

"Atembee," alisema. "Humo hamna hata mlango."

Akautia kwenye mkebe, akafunga waya upya, mizunguko tisa. Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama, analia na kucheka.

"Amekaa! Analalamika miguu inamuuma. Anataka chai!"

Shangazi alikaa kwenye kiti chake, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia. Tulipovitazama vipande vinane kwenye kitambaa, vyote vilikuwa vyeupe. Havikuwa na picha ya mtu wala ya mlango.

Hadithi ingeishia hapo ningefurahi. Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa napinda sketi ya mteja. Barabarani watu walikuwa wanapita, mashine ya kusaga jirani inanguruma. Mlango wangu ukagongwa.

Mara tatu.

Niliangalia chini ya mlango. Mwanga wa jua ulikuwa umepita wote. Hakukuwa na kivuli cha miguu. Harufu ya siki ikaingia.

Ukagongwa tena.

Nilimkumbuka Baba amesimama na uso kwenye mbao, na hapo hofu ikageuka ghadhabu. Sikufungua. Nilichukua bisibisi ya cherehani. Nilifungua bawaba ya juu. Ukagongwa. Nikafungua ya kati. Ukagongwa, sasa kwa haraka. Nikafungua ya chini, nikauvuta mlango mzima kwa mikono miwili, ukaangukia ndani kwa kishindo.

Nje hapakuwa na mtu. Muuza maji aliyekuwa anapita alinitazama kama mwendawazimu. Nikamsalimia.

Mlango nilimpa seremala apasue kuni. Kwa Shangazi nilikwenda siku hiyohiyo: waya ulikuwa na mizunguko yake tisa, haujaguswa. Mkono ule, Shangazi alisema, alikuwa ameshauinua mlangoni kwangu kabla hatujamfunga. Alinipa lile pazia jeusi nililomshonea, nikalitundika pale penye mlango. Mtu anayeishi kwa kugonga, nikasema, agonge kitambaa.

Asubuhi iliyofuata nililikuta na alama upande wa nje, usawa wa bega langu. Vidole vitano, virefu kuliko vya mtu ninayemjua, vimekwaruza kuelekea chini kama vilivyokosa pa kushika. Nimelifua mara tatu, kwa sabuni, kwa chumvi, kwa maji ya moto. Alama haitoki. Wateja wananiambia nilitoe pazia lile, linatisha.

Silitoi. Nataka kila akipita aone alipokwama.