Dereva Alikuwa Peke Yake

Jua lilikuwa linashuka Georgette alipolipita soko la Isingiro, akirudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale na gari lake jipya. Jipya kwake tu. Ilikuwa Corona ya kijivu, aliyoinunua asubuhi ile Mbarara, mtaa wa Kakiika, kwa mwanajeshi mstaafu aitwaye Rwakabuba. Miaka sita ya kuuza samaki wakavu ilikuwa imeishia kwenye usukani ule.

"Iligongwa kidogo tu nyuma, mama," Rwakabuba alimwambia. "Sasa iko sawa."

Lakini lilinuka. Matope... na mafunjo yaliyooza.

Alisimama kando ya barabara, akainua zulia la nyuma. Maji. Mvua haikunyesha mwezi mzima. Ndani ya maji, kwenye mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi ya kampuni ya bima ya mwaka 2009. Akarudi kwenye usukani, akaisoma kwa shida. Gari lilizama bwawani Biharwe. Halifai kutengenezwa. Lisirudishwe barabarani. Dereva alikuwa peke yake.

Kwenye kiti cha nyuma, mtu akavuta pumzi.

Pumzi fupi, yenye maji. Kisha nyingine.

Kiooni hapakuwa na mtu.

Woga ulimshika, haukukaa. Hasira ndiyo iliyokaa. Alikimbia vita Kivu ya Kusini, akalala chini ya turubai, akadhulumiwa na wengi akanyamaza. Leo hapana. Akageuza gari kurudi Kakiika.

Rwakabuba alikuwa uani, mkewe Enid akianua nguo.

"Papa, ingia mu gari," Georgette alisema polepole. "Kiti ya nyuma. Dakika moja tu."

Rwakabuba akarudi hatua moja. "Hapana."

"Juu ya nini? Umeniuzishia mutu, papa. Ni nani iko mule?"

Georgette akamkwida shati. Maneno yakamtoka mfululizo, makali, mpaka koo likamuuma. Rwakabuba akapiga magoti. Nguo zikamponyoka Enid.

"Mama," Enid alinong'ona, "wewe unajua Runyankore?"

"Najua salamu tu."

"Sasa hivi umeongea Runyankore."

"Nilisema nini?"

Enid akamtazama mumewe. "Umesema wewe ni Joanita. Umemuuliza sababu gani alikuacha kwa maji, na ulikuwa bado unapumua."

"Joanita ni nani?"

"Dada yangu mdogo. Huyu aliniambia ameenda kutafuta kazi Kampala."

Enid akaangua kilio, majirani wakaja kumshika. Kesho yake polisi walimpeleka Rwakabuba bwawani, akawaonyesha mahali alipomfukia. Wakafukua mifupa. Georgette aliliacha gari pale pale uani, akapanda lori hadi Nakivale.

Hasira haikushuka.

Siku ya tatu alikuwa akipasua samaki mlangoni, akinung'unika peke yake. Mumewe, Nehemiya, hakuelewa neno hata moja. Lakini Twinomujuni, Mnyankore aliyewaletea maziwa kutoka Endiinzi, aliweka mtungi chini taratibu.

"Mzee," alimnong'oneza Nehemiya, "bibi yako anasema walikuwa wawili."

"Wawili gani?"

"Ndani ya gari. Mwanaume alikuwa anaendesha. Dada wa Joanita alikaa mbele... alitoka, akafunga mlango." Akasogea karibu. "Anauliza mbona polisi wamemuacha Enid."

Nehemiya aligeuka kumtazama mkewe. Georgette alikuwa amekwisha kufunga kitenge kiunoni, anaifuata barabara ya Mbarara, kisu cha samaki mkononi.

Nehemiya alimwita kwa jina lake. Hakugeuka.