Jalada la Rejoice na Gauni Lililozikwa

Kuni za miti ya miwati zilipasuka jikoni, ta, ta, kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nachemsha maji ya mjukuu wangu Rejoice, anayesoma ushonaji chuoni Makambako. Siku hiyo alitakiwa kupeleka jalada lake. Lilikuwa na karatasi za vipimo, vipande vya vitambaa na maelezo ya nguo kumi na mbili alizoshona kwa miaka miwili. Bila jalada, hapewi cheti.

"Bibi, jalada langu liko wapi? Nililiacha mezani."

"Nimeliweka kichanjani, mwanangu. Bati linavuja pale mezani."

Hapa Mdandu mbegu za mahindi tunaziweka kichanjani, juu ya moto, zisiote ukungu. Nikadhani karatasi nazo ni vivyo hivyo. Rejoice alipanda, akashuka na majivu na kona moja ya jalada. Cheche ilikuwa imelifikia.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, akalia. Afadhali angenigombeza.

Tulikwenda Makambako pamoja. Mwalimu Linus alinipa kiti chake, yeye akasimama.

"Mwalimu, kosa ni langu," nikasema.

"Bibi, si lako peke yako. Rejoice, mwaka jana niliwaambia mfungue jalada la kielektroniki. Ulifungua?"

"Nilifungua, mwalimu. Sikuweka kitu. Nilidhani ni la wenye simu kubwa zao wenyewe."

"Hata ya kuazima inatosha. Kila nguo unaipiga picha. Unarekodi sauti yako: umeshonaje, umekosea wapi, umerekebishaje. Kisha unapandisha kwenye akaunti yako ya chuo. Simu ikipotea, kazi yako ipo. Na neno la siri usimpe mtu, hata bibi."

"Mimi ningeliweka kichanjani," nikasema.

Rejoice akacheka kidogo, machozi yakiwa bado shavuni.

"Mtahini anakuja baada ya siku tisa," mwalimu akasema. "Zitafuteni nguo zenyewe, mzipige picha."

Tulizunguka nyumba za wale aliowashonea, na simu ya jirani yetu Ema. Tulipata nguo nane. Tatu zilikuwa zimechanwa zikawa nepi. Ya kumi na mbili ilikuwa gauni la Elina, kazi bora kuliko zote. Elina alizikwa nalo mwezi wa pili.

Mumewe, mzee Hezekia, tulimkuta peke yake.

"Kamwene, babu," Rejoice akamsalimu, akamweleza.

"Sina cha kupigwa picha, mjukuu wangu. Lakini nakumbuka ile mikono ya gauni. Uliifumua mara mbili, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa umevimba."

"Mara tatu, babu. Nilipima mkono mmoja tu. Siku hizi napima yote miwili."

Kwa ruhusa ya mzee, maneno hayo yakarekodiwa.

Mtahini aliisikiliza rekodi hiyo. "Hapa naona umejifunza," akasema. Alikubali kazi tisa, gauni la Elina likiwamo. Tatu Rejoice alizishona upya, na cheti kikachelewa miezi minne. Lakini kila nguo mpya aliipandisha siku ileile. Mwalimu Linus alimjibu humohumo kwenye akaunti: "Pindo limevutika, legeza uzi." Nguo iliyofuata, pindo lililala vizuri.

Cheti kilipotoka, tulimpelekea Hezekia habari. Akaomba kusikia ile rekodi. Akaisikiliza mara mbili, mkono wake ukiwa kwenye kiti kitupu kando yake.

"Jumapili mje tena," akasema. "Hata kama hamna habari."