Dozi ya Ndama wa Bibi Mokami

Kila Jumamosi Bhoke alikuwa na kazi tatu kabla jua halijapanda: kuchota maji, kufagia uani na kumpelekea mama kibuyu cha kukamulia zizini. Jumamosi ile alizimaliza mapema mno, hata mama yake akamtania kwamba kweli kompyuta imeingia nyumbani. Bhoke alicheka, akavaa sweta ya shule na kushuka kwenda kwenye josho la kijiji, ambako siku hiyo mifugo ingenyweshwa dawa ya minyoo. Ndani yake kulikuwa na wasiwasi mdogo ambao hakutaka kuupa nafasi.

Alikuwa kidato cha kwanza, na ndiye mjuzi kuliko wote katika klabu ya kompyuta ya shule yao hapa Nyamwaga. Hilo alilijua kabla hajaambiwa na mtu. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa tovuti wa kukokotoa dawa ya minyoo ya ng'ombe. Unaufungua kwenye simu, unaandika kilo za mnyama, unabonyeza, nao unakuonyesha mililita za dawa. Ulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ng'ombe mkubwa na kingine cha ndama.

Siku ya Jumatano Mwalimu Elieth, mlezi wa klabu, aliisoma programu hiyo mstari kwa mstari, kisha akagonga kioo kwa kalamu.

“Hii funksheni yako, sehemu inayokokotoa dozi, mabano yake ni matupu,” alisema. “Hukuikabidhi kitu. Inakwenda yenyewe kuchukua uzito kwenye kigeu cha kuhifadhi namba ulichokiweka huku juu, kinachotumiwa na ukurasa mzima. Itajuaje kama uzito inaoukuta pale ni wa mnyama huyu, na si wa yule aliyetangulia?”

“Lakini inaleta jibu sahihi, mwalimu. Nimejaribu ndama wa kilo arobaini, imenipa nne.”

“Imekupa nne kwa sababu wewe mwenyewe ulikianzisha kigeu na arobaini. Weka uzito ndani ya mabano, Bhoke. Kila unapoiita funksheni, iambie kilo za mnyama aliye mbele yake.”

Bhoke aliitikia. Alhamisi kulikuwa na palizi shambani. Ijumaa, badala ya kurekebisha mabano, fundi wetu alitumia kipindi kizima kuchagua rangi ya kitufe. Mwalimu alipomuuliza mlangoni mwa darasa kama amerekebisha, alijibu, “Ndiyo, mwalimu,” bila kupepesa macho. Alijiahidi kufanya kazi hiyo jioni, na jioni akapitiwa na usingizi.

Joshoni alimkuta bwana mifugo, Machage, ameshakunja mikono ya shati.

“Shikamoo, bwana mifugo.”

“Marahaba. Kaa pale mezani na Nelson. Mimi nitapima na kunywesha, wewe usome dawa, yeye amimine.”

Nelson alikuwa mwanafunzi mwenzake. Kazi ilikwenda hivi: ng'ombe aliingia kwenye kibanio, kile kichochoro cha miti cha kumbana, na ndama wake akimfuata nyuma, kama ilivyo desturi ya hapa, maana ukiwatenganisha wote wawili watavuruga josho zima. Bwana Machage alimpima mama kwa utepe kifuani, akamning'iniza ndama kwenye mizani, akapaza sauti ya kilo. Bhoke aliandika na kusoma mililita. Nelson alimimina dawa kwenye chupa ya soda na kuijaza maji hadi nusu, ili mnyama anywe vizuri. Chupa zote zilionekana sawa, iwe ya fahali au ya ndama.

Asubuhi yote waliletwa madume na mitamba, na kila namba ilitoka vizuri. Halafu akaja Bibi Mokami, mjane wa mtaa wa juu, na ng'ombe wake mmoja tu mwenye ndama jike wa kahawia. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalea wajukuu zake wanne.

“Mama, mia mbili arobaini!”

“Ishirini na nne,” Bhoke alisoma.

“Ndama, thelathini na nane!”

“Ishirini na nne,” alisoma tena, mawazo yake yakiwa kwenye foleni iliyokuwa ikirefuka. Nelson akamimina. Ndama akameza yote.

Jozi ya pili iliingia. Mama alikuwa na kilo mia moja tisini, kioo kikaandika kumi na tisa. Ndama alikuwa na kilo arobaini na mbili, na kioo kikaandika kumi na tisa. Safari hii Bhoke aliona. Kisanduku cha ndama kilikuwa hakifanyi kitu. Funksheni ilikuwa bado imeshikilia uzito wa mama, na chupa ilikuwa tayari mkononi mwa Nelson.

“Subiri,” alisema. “Simu imekwama. Mwaga hiyo. Mpe nne nukta mbili.”

“Mwanangu, simu gani inakwama hivyo?” Bwana Machage aliuliza kwa mbali, lakini hakusubiri jibu.

Ndama wa pili akapona. Bhoke alipiga hesabu za ndama waliofuata kwa kichwa. Lakini mawazo yake yalikuwa kwa yule ndama wa kwanza. Bibi Mokami alikuwa amefungua kamba na anaanza kupanda kilima na wanyama wake. Akishapita ile migomba ya juu kilimani, hakuna atakayejua. Ndama akifa usiku, watu watasema ni ugonjwa. Na akisema sasa? Baba atamfanya nini? Klabu itamfukuza, shule nzima itamcheka, na yule bibi atamlaani mbele za watu.

Ndipo ndama wa kahawia akapiga magoti njiani. Mama yake aligeuka akamnusa, akalia.

Bhoke alisimama, kiti kikaanguka. “Bwana mifugo, yule ndama nimempa dawa ya mama yake. Nimesoma ishirini na nne. Ilitakiwa nne, hata haifiki nne.” Alimnyooshea simu. “Na nilijua programu ni mbovu. Mwalimu aliniambia Jumatano.”

Bwana Machage hakugomba, na hilo lilimtisha Bhoke zaidi. Alikimbia kilimani huku akimpigia simu daktari wa mifugo wa wilaya. Walimbeba ndama hadi kivulini. Povu lilimtoka mdomoni na miguu ikamkakamaa. Daktari aliagiza kwa simu apewe mkaa uliosagwa kwenye maji kidogo kidogo, asiachwe peke yake. Bibi Mokami aliketi chini, akakipakata kichwa cha ndama. Bhoke alipiga magoti mbele yake.

“Bibi, ni mimi.”

“Nimesikia,” bibi alijibu. “Shika hiki kikombe cha mkaa.”

Mwalimu Elieth aliitwa, akafika akihema. Alisikiliza yote, akamkabidhi Bhoke simu yenye programu. Pale pale, mikono ikiwa myeusi kwa mkaa, Bhoke alikifuta kile kigeu cha juu, akaandika uzito ndani ya mabano, kisha akajaribu mama na ndama, ndama na mama, mara kumi, mwalimu akiangalia kila jibu. Mabadiliko yenyewe hayakuchukua dakika tano.

Saa tisa ikapita. Saa kumi ndama akaacha kutetemeka. Karibu na saa kumi na moja aliinua kichwa, akayumba, akasimama, akaenda kumgonga mama yake kiwele kwa pua. Bhoke alilia wazi wazi, wala hakujificha.

“Na mimi nina kosa,” alisema Bwana Machage. “Nilisikia ishirini na nne kwa masikio yangu, nikaiamini simu. Kuanzia leo chupa ya ndama nitaiuliza mara mbili.”

Mwalimu Elieth alimketisha Bhoke kwenye nyasi. “Kukosea programu si dhambi. Mimi hukosea kila wiki, ndiyo maana tunasomeana kazi,” alisema. “Kosa la kwenye simu umelirekebisha kwa dakika tano. Lakini ulipoulizwa ‘umerekebisha?’ ukasema ndiyo, ulinifanya niache kuangalia. Sumu ya huyu ndama ilianzia pale mlangoni mwa darasa, si hapa mezani. Na kilichomwokoa ni kwamba ulisema ukweli wakati bado unaogopa.”

“Nisamehe, mwalimu. Nilikudanganya.”

“Nimekusamehe. Muulize bibi.”

Bibi Mokami alikuwa ameshafunga kamba. Bhoke alimwomba msamaha, naye akamgeukia, macho yakiwa mekundu kwa vumbi na uchovu.

“Sijui habari za simu,” alisema. “Najua ungeweza kuniacha nipite ile migomba. Mshike ndama, mjukuu wangu, twende taratibu.”