Barua ya Posa Iliyoandikwa na Watu Watatu

"Haloo! Hapo ni kwa hao watu wa Kikao?"

"Ndipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Barua yangu imegoma, mwanangu. Kila nikiandika salamu, kuna mtu anazifuta. Nikirudia, anafuta tena. Ni jini au ni nani?"

Saada alicheka, akavuta kompyuta karibu. Kupokea simu za wateja ilikuwa kazi yake, na programu yenyewe aliiandika yeye. Kikao kiliwawezesha watu walio mbalimbali kuandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, kwa njia ya mtandao, kila mtu na rangi yake. Walikianzisha wakiwa watatu mwaka 2013, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa hapo Singida mjini: yeye, Christopher, na Ashrafu, mchumba wake. Wakulima wa alizeti wa Mgori na Kinampanda walikuwa wameshaanza kuandikia humo mihtasari ya vikundi vyao.

"Waraka wako unaitwaje, baba?"

"Posa ya Ashrafu."

Mkono wa Saada ukasimama.

"Ashrafu yupi, baba?"

"Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni baba yake mkubwa, mzee Mrisho, nipo Tabora. Mdogo wake Anuari yupo Mwanza, na mwenyewe yupo huko huko kwenu. Tunaandika wote watatu. Si ndiyo maendeleo mliyotuletea?"

Saada akaiziba simu kwa kiganja.

"Chris! Posa yangu inaandikwa!"

"Weee!" Christopher nusura apaliwe na karanga. "Hatimaye! Nilishaanza kudhani mtaoana peponi." Papo hapo akamtumia mkewe Damari ujumbe.

Miaka minne alikuwa akiingoja barua hiyo. Kila Idi ikipita, Ashrafu alisema baada ya Idi ijayo. Wasichana aliosoma nao kwao Unyambwa walishafika mtoto wa tatu. Yeye alikuwa akiswali, akifunga, akimwomba Mungu ampe subira, na subira alipewa.

Alisita kidogo. Binti hasomi barua ya posa yake kabla haijafika kwa wazee. Lakini mzee alikuwa anangoja kwenye simu. Akasema bismillahi, akafungua.

*...tumeona ua bustanini mwenu, naye ni binti yenu Swaumu, mpole, mcha Mungu, aliyelelewa vyema hapo Kondoa...*

Akasoma tena. Swaumu. Akangoja kifua kimuume; hakikumuuma. Kilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: unagusa, unajua ni mwili wako, husikii kitu.

Kule juu ya waraka, kama alivyoipanga programu yeye mwenyewe, jina lake likajitokeza ili wote waone nani kaingia. Maandishi ya bluu yaliyokuwa yakikimbia yakakatika katikati ya neno. Bluu alikuwa Ashrafu.

"Umeliona hilo jini?" mzee Mrisho akauliza.

"Nimeliona, baba. Ni Anuari, mwenye rangi ya kijani. Anakusahihisha."

"Mtoto wa juzi anisahihishe mimi salamu!"

"Nimekufungia aya yako. Sasa hawezi kuigusa. Andika."

Simu yake ndogo ikatetemeka. Ujumbe wa Ashrafu: *Toka humo. Nitakueleza.*

Akauacha. Akamwelekeza mzee jinsi ya kuacha nafasi ya sahihi, sauti yake imetulia kama anamwelekeza mgeni njia ya sokoni. Christopher akasogea aone anachokisoma. Akasoma. Karanga zikabaki mkononi.

"Ahsante sana, mwanangu," mzee akasema. "Una adabu. Ndoa ikifika tutakualika. Unaitwa nani?"

"Saada."

Christopher akainyakua simu.

"Mzee, shikamoo. Huyo unayemwalika harusini ndiye mchumba wa Ashrafu! Mwaka wa nne huu!"

Mzee akasema taratibu:

"Mrudishie simu. Binti, ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Na yeye yumo humu ndani?"

"Yumo. Ile bluu."

Ndani ya waraka herufi zikaanza kushuka moja moja, kwa kidole kimoja cha mzee: *ASHRAFU. HUYU SAADA NI NANI WAKO?*

Alama ya bluu ikapepesa. *Baba mkubwa nitakupigia.*

*JIBU HAPA HAPA. TUPO WOTE.*

Kijani akaandika: *Mimi sijui kitu jamani*, akatoka. Bluu naye akafuata bila jibu.

"Binti," mzee akasema kwenye simu, "nimepeleka posa nyingi katika ukoo wetu. Hii sitii sahihi yangu. Nisamehe."

"Hujanikosea, baba."

Kesho yake Ashrafu alikuja kazini, macho mekundu. Christopher akasema anakwenda kununua vocha, akatoka.

"Swaumu ni chaguo la mama," Ashrafu akaanza. "Mimi nilishindwa kumkatalia."

"Mimi ungeniambia lini?"

"Nilitaka tumalize Dodoma kwanza."

Wiki iliyofuata walikuwa wameitwa Dodoma kuonyesha Kikao mbele ya vyama vya ushirika.

"Kwa hiyo ungenijulisha nikishamaliza kazi."

"Si hivyo, mpenzi."

"Ni vipi?"

Ashrafu akafungua kompyuta yake, akaigeuza upande wa Saada.

"Nimezungumza na mama usiku kucha. Amekubali. Baba mkubwa naye amesema ikiwa ni wewe, atatia sahihi leo hii. Tazama, Saada. Tazama mwenyewe."

Mbele ya macho yake akafuta jina la Swaumu, herufi moja moja, akaandika Saada. Saada akainama, akasoma polepole, kama mtu anayesoma dawa kabla ya kumpa mgonjwa.

*...naye ni binti yenu Saada, mpole, mcha Mungu, aliyelelewa vyema hapo Kondoa...*

"Mimi Kondoa sijawahi kufika, Ashrafu."

Akaruka kushika kompyuta. "Nimesahau tu! Nabadilisha sasa hivi, Unyambwa, naandika Unyambwa..."

"Usijisumbue."

"Saada, ni neno moja!"

"Ndiyo. Na jingine moja ni jina langu. Yaliyobaki yote ni ya mwenzangu." Akachukua mtandio wake. "Mpelekee Swaumu mwenyewe, umwambie ukweli kwanza. Dodoma nitakwenda na Christopher. Kazi niliifanya mimi, nitaisimamia."

"Hata kulia hulii? Hukunipenda?"

"Nilikupenda. Mungu anajua."

Akatoka. Njia nzima mpaka Unyambwa aliyangoja machozi. Hayakuja.

Mama yake alikuwa jikoni, akisonga ugali wa mtama, mlenda umeshaiva.

"Nasikia kuna barua inaandikwa," mama akasema bila kugeuka, akitabasamu. "Damari amenipigia, kaambiwa na Christopher tangu jana. Imekuja?"

"Nimeisoma, mama. Ilikuwa ya mtu mwingine."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Mama akamtazama binti yake usoni, akamtazama sana.

"Nawa mikono," akasema. "Ule kwanza."

Saada akanawa, akakaa kwenye mkeka. Akamega tonge, akachovya. Alipolimeza ndipo kidevu kikaanza kumtetemeka.