Karibu ya Karani

Jioni ile Husseini bin Kondo alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Biubwa, mkewe, alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Akasikia mlangoni, "Hodi. Hodi wenyewe." Mkono ukasimama. Sauti ilikuwa ya mumewe, hilo halikuwa na shaka, lakini mumewe hakuwa mtu wa hodi. Miaka yote ya ndoa yao Husseini alikuwa akiingia ndani kama ng'ombe aliyeona shamba la mtu: viatu juu ya mkeka, kofia juu ya sahani ya chakula, na sauti mbele yake ikisema, "Mwanamke, chai." Biubwa alilelewa Sofu, upande wa Kibaha, na baba ambaye hakuingia hata kwenye ua wake bila kukohoa na kubisha. Wiki ya kwanza ya ndoa alimweleza mumewe habari hiyo. Husseini alicheka. Alisema hodi ni ya washitaki na wasiolipa kodi, na yeye ni karani wa boma.

"Hodi," sauti ikasema tena, kwa upole.

"Si uingie," Biubwa akasema. "Nani kakuzuia?"

Aliyekuwa nje akabaki akingoja.

"Haya, karibu."

Ndipo akaingia. Viatu alikuwa amevivua nje.

Walikuwa wamerudi jana yake tu kutoka pwani. Safari yenyewe ilianzia kwa Mzungu mmoja wa pale boma Kisarawe, ambaye alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao alimwachia Husseini vitu alivyoona havifai kulipiwa nauli ya meli: soksi ndefu, kopo tupu la tumbaku, na miwani ya kuzamia pamoja na mrija wake. Miwani ilikuwa kioo kimoja kikubwa ndani ya mpira mweusi, cha kufunika macho na pua. Mrija ulikuwa wa mpira pia, umepinda kama mkongojo. Ncha moja ya kung'ata, nyingine ya kutokeza juu ya maji ili mtu avute pumzi huku uso wake uko chini akitazama samaki.

Tangu siku hiyo Husseini akawa hasemeki. Akaanza kusema "likizo yangu". Alasiri alijilaza kitandani kifudifudi, miwani usoni, mrija mdomoni, akavuta pumzi, hoo, haa, hoo, haa, na Biubwa akifagia chumba humohumo akimzunguka. Alikuwa mtoto wa vilima vya Kisarawe. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya karai.

"Tutakodi mashua, sisi peke yetu," alisema. "Wastaarabu hawasongamani na watu chomboni."

Jirani yao Mwanajuma aliposikia aliweka chini ungo wake. "Kwenda kutazama samaki bila kuwavua? Shoga, mumeo kapatwa."

"Hajapatwa," Biubwa alisema. "Ndivyo alivyo."

Walishuka Msasani. Mwenye mashua aliitwa Abdala, na mashua yake ilikuwa ya mashine, ingawa mashine hiyo ilitoa moshi mwingi kuliko mwendo. Abdala alimtazama Husseini, kaptura yake iliyopigwa pasi, soksi zake ndefu alizozivaa mchangani.

"Bwana, nyavu ziko wapi?"

"Sivui. Ninatazama."

"Unatazama nini?"

"Samaki."

"Sokoni wamejaa," Abdala akasema, akawasha mashine.

Penye mwamba, maji yalipokuwa meupe kama kioo cha dirisha, Abdala alizima mashine na kumfunga Husseini kamba kiunoni, kwa kuwa karani hakujua kuogelea wala hakutaka kukiri. Wakamteremsha kama ndoo. Akaelea kifudifudi, kaptura imejaa hewa, kichwa ndani ya maji, mrija umesimama. Hoo, haa. Hoo, haa. Biubwa alikaa chini ya mwavuli wake akatazama pembeni, maana alikuwa na haya kwa niaba yake.

Kisha mrija ukasema, "Karibu."

Abdala aliyekuwa akisokota sigara akaacha kuisokota. "Anasema na nani?" akauliza, sauti chini.

"Na watu wa boma," Biubwa akajibu. "Ndivyo anavyosema kutwa."

Na kweli. Husseini pale ofisini alikuwa na desturi moja iliyojulikana tarafa nzima: mtu akipiga hodi, yeye humjibu "Karibu" bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Alikwisha kuwakaribisha hivyo wazee waliomlea, na mbuzi wa mshitaki mmoja, na mara moja upepo. Hata usingizini, ubao wa dirisha ukigongwa na upepo, alisema "Karibu" na kugeukia ukutani. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa vilevile, na alijibu kwa sauti ileile ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Karibu, pita," mrija ukasema.

Kisha haukusema tena, wala haukuvuta pumzi. Biubwa alishusha mwavuli. Maji yaliyozunguka mashua yalikuwa yametulia mno, hata mawimbi madogo ya ubavuni yalikuwa yamenyamaza, na palikuwa na harufu, si ya samaki, ila ya kitu kilichokaa muda mrefu mahali pasipo na jua. Abdala akaivuta kamba kwa mikono miwili. Husseini akapanda bila kukohoa, bila kutema maji, akavua miwani na kusema, "Ahsanteni."

Biubwa hakuwahi kumsikia akimshukuru mtu ambaye si Mzungu.

Njiani kurudi Abdala hakumtazama abiria wake hata mara moja. Walipofika ufukoni alimsogelea Biubwa akijifanya anampokea mwavuli. "Dada," akanong'ona, "niliyempandisha ni mzito kuliko niliyemshusha."

Basi huyo ndiye aliyepiga hodi jioni ile, na kila jioni baada yake. Alingoja kukaribishwa. Alinawa kabla ya kula, alikisifu chakula, alimwita Biubwa "mke wangu". Asubuhi alichota maji kisimani mwenyewe, karani wa boma na ndoo kichwani, watu wakitazama. Mwanajuma alikuja uani kwa sababu ya kuazima chumvi.

"Shoga, hiyo pwani iko wapi hasa? Na mimi nimpeleke wangu wakamloweke."

Biubwa akacheka, na alicheka kweli. Alikuwa ameanza kujipaka wanja.

Hata hivyo aliyaona mambo. Aliiona alama ya mpira wa miwani, duara jekundu kuzunguka macho na pua ya mumewe, ambayo siku zilipita na haikufutika. Ndani ya duara hilo uso ulikuwa na weupe kidogo, na macho yalionekana makubwa na karibu kuliko yanavyopaswa, kama mtu anayekutazama kupitia kioo. Alikuwa akipumua kwa mdomo tu. Alipokanyaga sakafu aliacha nyayo za maji, hata siku za jua kali, na zilipokauka zilibakiza ukungu mweupe. Biubwa aliugusa kwa kidole akauonja, ukawa chumvi. Maji ya mtungini nayo yakaanza kuwa na ukakasi wa chumvi, huku kisima kikiwa kilekile cha vilimani, na bahari iko mbali.

Alasiri moja mumewe akiwa kazini, alikuwa akifagia chumba cha kulala, akasikia nyuma ya mlango: hoo, haa.

Mrija ulikuwa umening'inia pale kwenye msumari.

Hoo, haa. Halafu, kwa sauti nyembamba ya mtu aliye mwisho wa bomba refu sana, "Hodi."

Kesho yake Biubwa alijifunga khanga mbili na kushika njia ya Maneromango, kwa Bibi Mwamini, mganga ambaye watu walimwogopa na kumsema vibaya kwa kipimo kimoja. Alimkuta kibarazani akichambua kunde. Mwanamke mzima, meno mekundu kwa tambuu, na hakuonyesha kuvutiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa usinizibie mwanga."

Biubwa akaeleza yote. Bibi Mwamini hakuacha kuchambua.

"Huyo wa baharini alipiga hodi, akajibiwa karibu," akasema mwishowe. "Na mumeo hakutazama ni nani."

"Huwa hatazami."

"Makarani," akasema bibi, akatema tambuu. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi huyo siwezi kumtoa. Hakuvunja mlango, aliitwa. Lakini bado anapiga hodi kwako?"

"Kila jioni."

"Basi anajijua kuwa ni mgeni. Mumeo naye yuko nje, ndiye huyo wa mrijani. Akisema hodi, mjibu wewe, kwa jina lake na la baba yake. Ataingia, na mgeni atatoka, maana kiti ni kimoja. Lakini usikawie. Ile sauti ikikatika, haitarudi tena."

"Na ikikatika, itakuwaje?"

Bibi Mwamini aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mwenyewe hayupo tena. Huyo aliyebaki utamwita mgeni wa nani?"

Biubwa alirudi akitembea polepole. Jioni akasikia hodi, akasema karibu, na yule mpole akaingia, akamwuliza miguu yake imefanya nini mbona imevimba, akaiosha kwa maji ya vuguvugu. Mikono yake ilikuwa baridi. Siku iliyofuata Biubwa hakugusa mrija. Wala iliyofuata. Alijiambia kwamba anangoja Ijumaa, kisha Ijumaa ikapita na hodi za mrijani zikawa nyembamba zaidi, na kila mara alipokuwa akitandika kitanda alitandika kwa haraka.

Ilikuwa alasiri, jua likiwa limelalia kuta, alipouchukua mwishowe. Mpira ulikuwa baridi na umelowa, ingawa ulikuwa umening'inia mahali pakavu muda wote huo, na alipouleta sikioni akasikia kwanza maji, maji mengi yasiyo na ufuko, kisha ile pumzi, hoo, haa, dhaifu sasa na yenye kukatika katikati, kisha kitu kingine kilichokuwa kikisogea polepole nyuma ya ile pumzi kana kwamba mumewe hakuwa peke yake huko alikokuwa, na Biubwa akamhurumia, wallahi akamhurumia, kwa sababu hakuna binadamu, hata awe nani, anayestahili kupumua mahali kama pale.

"Hodi," sauti ikasema. "Biubwa. Hodi."

Machozi yakamtoka. Akaweka ncha ya mrija mdomoni pake. "Ka—"

"Umezibwa masikio, mwanamke?" sauti ikasema. "Siku zote nagonga, umekaa tu huko. Sema upesi, mjinga wewe. Nikitoka humu utanitambua."

Biubwa akaufunga mdomo.

Hata huko, akawaza. Hata huko, na pumzi chache namna hii, ndiyo matumizi aliyoyaona yafaa.

Alikaa kitandani mrija mapajani. Sauti iliendelea, ikimtukana yeye, ikimtukana mama yake, ikimwahidi mke wa pili aliyesoma. Hakukasirika. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akigombana na mlango. Akauvuta mto, akakata uzi wa mshono kwa meno, akachomoa sufi, ile nyeupe ya ndani kabisa, akaisindilia kwenye mrija kwa kidole, kisha kwa mpini wa mwiko, akaongeza nyingine mpaka hapakuwa na nafasi. Kwa muda alisikia kitu kikigonga humo, kidogo sana, kama miguu ya mdudu. Halafu hakusikia kitu.

Akaurudisha mrija kwenye msumari. Akaoga. Akapika ndizi kwa nazi, akatandika mkeka mpya, akajipaka wanja, akakaa akiuelekea mlango. Nje mwanga ulikuwa unakwisha na Mwanajuma alikuwa akiita kuku wake. Moyo wa Biubwa ulikuwa mwepesi. Alilitayarisha neno lake mdomoni, karibu, karibu mume wangu, akilionja kama tende.

Akazisikia nyayo kutoka njiani. Alizitambua kwa kule kulowa kwake. Zilikuja taratibu kama kila siku, zikavuka ua, zikafika mlangoni mahali zinaposimama kila jioni, na hapo hazikusimama, mlango ulisukumwa mpaka ukagonga ukuta na nyayo zikaingia na viatu vyake, zikaukanyaga mkeka mpya mwanzo hadi mwisho zikiacha maji, zikafika kitini, na kofia ikatua juu ya sahani ya ndizi.

Biubwa alimtazama usoni. Ile alama ya duara ilikuwa imefutika. Macho yalikuwa yamekaa mahali pake, na hayakuwa nyuma ya kioo chochote.

Alikuwa bado na neno lake mdomoni, na hapakuwa tena na mgeni wa kuambiwa.

"Mwanamke," akasema yule aliyekuwa kitini, kwa upole wake uleule. "Chai."