Joto la Kona ya Pili

Haya aliniambia rafiki yangu mwenyewe, fundi cherehani, na si mtu wa kutia chumvi. Alifuga chatu mdogo kwenye kasha la kioo, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Dada yake alimtaka amtupe, akamjibu, "Atatoka siku nitakayotoka mimi."

Baridi ilipoingia, chatu akagoma kula. Rafiki yangu akaenda dukani kutafuta cha kumpasha joto. Muuzaji akamkataza jiwe la umeme, maana huunguza tumbo, na balbu, maana mwanga humsumbua nyoka usiku. Akampa kipasha joto cha kauri, kisichotoa mwanga.

Alikifunga saa nane mchana, upande mmoja wa kasha. Kabla hakijashika moto, umeme ukakatika. Giza likawa totoro. Akasikia magamba yakikwaruza changarawe, polepole, kuelekea kona ya pili. Kisha kimya.

"Toka humo!" dada yake akaita mlangoni.

"Sitoki! Stoo yangu, nyoka wangu."

Akawasha tochi ya simu. Akagusa kauri: baridi tupu. Chatu alikuwa amejiviringisha kwenye ile kona, akizunguka mahali patupu penye upana wa kiganja.

"Uliyemo humu, ujue sikimbii," akasema kwa sauti, akaingiza mkono pale katikati.

Hapakuwa na kitu ila changarawe. Lakini ilikuwa na joto kama kwapa la mtoto mwenye homa, na chini ya kiganja chake ilikuwa ikidunda.